Dodoma gia moja inatosha, ila si ile iliyokuja na baiskeli

Kuna miji huko Ulaya na Marekani ambako kijana ananunua baiskeli nzuri, anang'oa gia zote, anabakiza moja, kisha anapita nayo barabarani kifua mbele kama mtu aliyegundua jambo. Angepita Sabasaba hapa Dodoma asubuhi angemkuta muuza maji aliyefunga madumu manne nyuma, kilo 80 za maji matupu, akikanyaga baiskeli ya Phoenix ambayo tangu itoke kiwandani haijawahi kuwa na gia ya kubadilisha. Kwetu huo si mtindo. Ndiyo baiskeli yenyewe.

Lakini mtumba umebadilisha mambo. Zimeingia baiskeli za gia sita, saba, hadi 21, na mnunuzi akiambiwa achague, mkono wake unakwenda kwenye yenye gia nyingi. Anaona anapata zaidi. Baada ya kiangazi kimoja cha hapa, nyingi ya gia hizo hubaki mapambo: cheni imeng'ang'ania sproketi (gurudumu la meno) moja ya nyuma, haipandi wala haishuki, na mwenyewe ameshazoea. Huyo tayari ni mtu wa gia moja, tena kwa namna mbaya kuliko zote, maana anabeba uzito wa mtambo usiofanya kazi, na gia iliyomkwamia hakuichagua yeye.

Tusimame hapa basi: kwa anayeendesha Dodoma mjini, na katika nyika iliyo sawa kuelekea Bahi upande mmoja na Chamwino upande mwingine, gia moja inatosha. Kinachotutesa ni ukubwa wake. Phoenix ya kawaida huja na gia nzito mno kwa upepo wetu na mizigo yetu, na breki zisizolingana na mizigo hiyohiyo. Ama baiskeli ya fiksi, ile isiyo na friwili (sproketi ya nyuma inayoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia), ambayo gurudumu likizunguka na pedali lazima zizunguke, hiyo ina utamu wake na ina mahali pake. Mahali penyewe ni padogo.

Tuanze na vumbi, kwa sababu ndilo linaloamua mengi. Kihamisha cheni cha nyuma kinaning'inia chini ya ekseli, karibu na ardhi, kikiwa na springi, viungo na vigurudumu viwili vidogo ambavyo cheni hupita katikati yake kama herufi S. Kwenye mtambo wa gia saba, sproketi moja na jirani yake zimeachana kwa milimita tano tu. Waya wa gia ukikwama ndani ya ganda lake kwa vumbi na kutu, ukapoteza milimita moja au mbili, cheni haikai tena katikati ya meno. Inaruka, inakwaruza, inapanda pale usipoitaka. Ongeza safari moja ya baiskeli kulazwa juu ya magunia kwenye lori: sikio la fremu linaloshikilia kihamisha cheni limepinda kidogo, na hakuna fundi wa chini ya mti atakayelinyoosha kwa macho likakaa sawa. Baiskeli ya gia moja haina waya huo, haina sikio hilo, haina springi. Cheni inakwenda moja kwa moja kutoka sproketi ya mbele hadi ya nyuma. Ikichakaa unajua imechakaa, kwa sababu ni yenyewe na sproketi mbili, basi.

Hii haina maana kwamba gia ni upuuzi. Anayeishi kwenye vilima vya Kondoa, au anayepanda ukuta wa Bonde la Ufa kule Saranda, anazihitaji na avumilie kuzitunza. Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi wanaipita bila kuiona: baiskeli za Kijapani zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Vumbi halizifikii kwa urahisi, cheni inabaki imenyooka, na gia ya chini kabisa hupunguza uzito kwa karibu robo. Ukiikuta moja inayobadilika vizuri, usimruhusu mtu aivunje.

Sasa hesabu ya gia, ambayo ndiyo kiini cha mambo. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Jibu ni mita unazosogea kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Gurudumu la Phoenix, lile la 28 kwa inchi moja na nusu, lina mzingo wa kama mita 2.23. Chukulia baiskeli yenye meno 48 mbele na 18 nyuma: kila mzunguko unakupeleka karibu mita sita. Yenye 44 na 18 inakupeleka mita 5.45. Zako zihesabu mwenyewe kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino moja, usimuulize muuzaji.

Mita sita kwa mzunguko zinapendeza ukiwa na upepo mgongoni. Ila Dodoma kiangazi kina upepo wake, hasa kati ya Juni na Oktoba, unaovuma kutoka mashariki na kusini-mashariki na kuzidi nguvu jua likipanda. Mtumishi anayetoka katikati ya mji kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba, kilomita kama 17 kwa barabara ya Dar es Salaam, anaukabili usoni. Na upepo wa usoni hauongezi taabu kidogo kidogo. Ukienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 ukikujia, kifua chako kinasukuma hewa ya kilomita 40, na nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: hewa inakusukuma mara nne ya ilivyokuwa siku tulivu. Hakuna mtu wa kawaida anayeendelea na kilomita 20 hapo. Anashuka hadi 12.

Kwa kilomita 12 kwa saa, mwenye mita sita kwa mzunguko anazungusha pedali mara 33 tu kwa dakika. Hapo kila mkanyago ni kama kupanda ngazi na gunia begani. Anayeumia ni goti, na kinachochakaa ni cheni na kota pini, zile pini zinazoshika mikono ya pedali. Mwenye gia ya mita 4.5 anazungusha mara 44 kwa kasi ileile. Bado ni polepole, lakini ni mwendo ambao mtu anaweza kuushika saa nzima na kufika ofisini akiwa mtu.

Gia ya Dodoma, kwa hiyo, inachaguliwa na upepo na mzigo. Vilima vyetu vya mjini vinakuja baadaye. Ukiteremka ukasukuma mita mia mbili kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hakuna atakayekufunga. Chagua gia inayokufaa saa mbaya kuliko zote unayoendesha kila siku, na saa nzuri zitajitunza zenyewe: upepo ukiwa mgongoni, kilomita 25 kwa saa kwenye gia ya mita 4.5 ni mizunguko kama 93, na ukichoka kuzungusha unaacha, friwili inalia tiki tiki, baiskeli inaendelea.

Kwa takwimu za mkononi, mtu mmoja asiye na mzigo, barabara ya lami, atafute kati ya mita 4.6 na 5.2. Mwenye kubeba maji, mkaa au abiria ashuke hadi mita 4 na kidogo. Kwenye Phoenix ya meno 44 mbele, friwili ya meno 22 inakupa mita 4.46; kwenye ile ya 48, friwili hiyohiyo inakupa 4.87. Friwili ni kipuri cha bei ndogo kuliko tairi, na kwa maoni yetu hakuna fedha ndogo inayobadilisha baiskeli kwa kiasi hicho. Ajabu ni kwamba wengi hununua friwili mpya ya meno yaleyale 18 kwa sababu ndiyo iliyotoka.

Kuibadilisha kuna mambo matatu yanayoharibika mara kwa mara. La kwanza ni kufungua. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga, na baada ya miaka miwili imegandana na habu. Inatoka kwa kifungulio chake chenye meno yanayoingia kwenye mapengo ya friwili. Kishikilie kwa nati ya ekseli iliyokazwa kiasi, kikamate kwenye jiriwa, kisha zungusha gurudumu zima kama usukani, kinyume cha saa. Ikishalegea robo mzunguko, legeza nati kabla ya kuendelea, la sivyo utaivunja ekseli. Patasi na nyundo hutumika sana mitaani, na matokeo yake ni mapengo yaliyomeguka na friwili ambayo sasa haitoki kabisa. La pili ni nyuzi za kukazia friwili kwenye habu: paka grisi, anza kwa mkono, na ikikataa mzunguko wa kwanza rudi nyuma uanze upya. Habu ya alumini ikishaliwa nyuzi, umepoteza habu.

La tatu ni urefu wa cheni. Kila jino moja unaloongeza nyuma linahitaji ekseli isogee mbele milimita 3.2. Kutoka meno 18 hadi 22 ni milimita kama 13. Ukiisogeza ekseli kiasi hicho, mipira ya breki za fito, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, nayo inakaa pabaya kwenye rimu. Afadhali uongeze inchi moja ya cheni, yaani pingili mbili, ya nje na ya ndani, na ekseli itarudi palepale ilipokuwa. Hesabu inakubaliana bila kubaki hata milimita, na ni furaha ndogo ya kazi hii.

Tuje kwa mwenye baiskeli ya mtumba ambayo gia zake zimekufa. Kabla ya kununua chochote, angalia mahali ekseli ya nyuma inapokaa kwenye fremu. Kama mfereji umelala, mbele na nyuma, una bahati: utakaza cheni kwa kuvuta gurudumu. Kama mfereji umesimama wima, gurudumu halina pa kwenda, na cheni itahitaji kikazio. Kikazio cha bure unacho tayari. Ni kihamisha cheni kilekile cha zamani: toa waya, kaza parafujo zake za kikomo hadi kisimame chini ya sproketi uliyochagua, nacho kitavuta ulegevu bila kuhama. Ni dawa isiyopendeza macho, lakini inafanya kazi miaka.

Habu ya nyuma ikiwa ya aina ya kaseti, ambayo sproketi zake huvalishwa na kuvuliwa, toa sproketi zote, rudisha moja na uijazie nafasi kwa vipande vya bomba la plastiki lenye tundu la kama milimita 35, vilivyokatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa msasa. Uzuri wa vipande hivyo ni kwamba unaamua mwenyewe sproketi ikae wapi. Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, tazama mstari wa cheni. Sproketi ya mbele na ya nyuma zikipishana zaidi ya milimita mbili utasikia mlio. Zikipishana tano, cheni itakuwa inajitupa kwenye kila shimo. Mbele ukibakisha sproketi moja kati ya tatu, ya katikati ndiyo inayofaa mara nyingi. Ile yenye meno 32 au 34, na 16 nyuma, gurudumu la 26, inatoa mita 4.1 hadi 4.4: gia ya mzigo. Yenye 38 na 16 ni mita 4.9.

Hapo kwenye "gurudumu la 26" kuna mtego. Inchi 26 ya baiskeli ya milimani na inchi 26 ya baiskeli nyingi za mjini za Kijapani si tairi moja. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 559, ya pili 590, na hakuna ubishi wa dukani utakaoifanya moja iingie kwenye nyingine. Hata 28 ya Phoenix ni 635, wakati baiskeli za mbio zinatumia 622. Namba hiyo ya tarakimu tatu kwa kawaida imechapwa ubavuni mwa tairi. Isome hiyo, inchi ziache.

Cheni nayo ina upana wa aina mbili. Ya gia moja ina nafasi ya milimita 3.2 ndani, ya gia nyingi 2.4. Pana inakaa juu ya sproketi nyembamba bila shida. Nyembamba haikai juu ya pana. Ukiikaza, acha ulegevu wa kama milimita 12 juu na chini katikati, lakini usipime mara moja ukaondoka. Zungusha kranki, yaani mikono ya pedali, taratibu: sproketi ya mbele haiko duara kamili, na kuna mahali cheni inakaza na mahali inalegea. Pima palipokaza. Cheni iliyovutwa kama uzi wa gitaa inakula golori za habu na za kranki, na mwenye baiskeli anaishia kulaumu golori.

Gurudumu la nyuma likiwa linagusa fremu upande wa kushoto, sababu karibu daima ni nati ya kulia. Cheni inavuta upande huo mbele kila unapokanyaga kwa nguvu, na nati ikilegea gurudumu linapinda. Kaza ya kulia kwanza, nyoosha gurudumu, kaza ya kushoto. Spana malaya haifikii kukaza huko bila kuparaza pembe za nati. Tafuta spana ya 15, au ya kipimo cha nati zako, na utembee nayo. Utaihitaji, maana hii ni nchi ya mbigili na miiba ya migunga. Ingawa fundi mzuri wa pancha hafungui gurudumu la nyuma hata kidogo: anavua tairi upande mmoja, anavuta tyubu nje, anaziba, anarudisha, na cheni haijaguswa.

Kuhusu mafuta tuseme wazi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki haifai kwenye cheni, hata kama inatolewa bure. Imebeba unga wa chuma, na ikichanganyika na vumbi la Dodoma inakuwa msasa wa majimaji. Osha cheni kwa mafuta ya taa, iache ikauke, weka tone moja la oili nyepesi kwa kila pingili, zungusha, kisha ifute kwa kitambaa hadi nje iwe kavu. Kinachohitaji mafuta ni ndani ya pingili. Kiangazi cheni inayong'aa kwa mafuta ni cheni inayokusanya mchanga. Friwili vilevile: oili nyepesi tu. Grisi nzito inashika vile vikucha vya ndani visichomoke, na siku moja unakanyaga pedali zinazunguka bure. Na ukitaka kujua cheni imekwisha, weka rula ya inchi: pingili 24 zapaswa kuwa inchi 12 sawasawa. Zikizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Zikizidi kwa sehemu ya nane, sproketi nazo zimeshakwenda, na cheni mpya peke yake itaruka.

Breki za fito zina sifa ya kutovunjika na kasoro ya kutoshika. Rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza, na zile mvua za Januari zinazokuja ghafla zinamkuta mwenye kilo 80 nyuma katikati ya foleni. Dawa si kukaza fito zaidi. Hakikisha kila mpira unagusa rimu kwa uso wake wote, badilisha uliogeuka mgumu kama jiwe, na ukianza kunyesha gusa breki mara kwa mara ili kufuta maji kabla hujazihitaji. Ukipata rimu za alumini na breki za kubana pembeni kwenye baiskeli ya mtumba, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuibadilisha iwe gia moja kuliko kununua Phoenix mpya.

Sasa fiksi. Wanaoipenda hawadanganyi. Baiskeli nyingi za mwanzo za pedali zilikuwa hivyo kabla friwili haijaenea, na mashindano ya uwanja wa mviringo mpaka leo ni ya fiksi, pamoja na keirini ya Wajapani iliyoanza Kokura mwaka 1948. Hata Tour de France, iliyoanza 1903, haikuruhusu vihamisha cheni mpaka 1937. Ukiiendesha unaelewa kwa nini. Haina mlio kabisa. Kranki inakuvusha mahali pale pasipo na nguvu, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, ambapo kwenye friwili pedali huzubaa. Unapunguza mwendo kwa kuzuia miguu, na gurudumu la nyuma likianza kuteleza kwenye mchanga unalisikia unyayoni kabla hujaliona. Hakuna baiskeli inayomfundisha mtu kukanyaga kwa ulaini kama hii.

Lakini tuipime kwa barabara zetu. Teremka kutoka vilima vya UDOM kwa kilomita 40 kwa saa ukiwa na gia ya mita 4.9: miguu inatakiwa izunguke mara 136 kwa dakika, na haina ruhusa ya kukataa. Ukiongeza gia ili mteremko uwe rahisi, umejinyima asubuhi ya upepo. Friwili inaondoa mgongano huo kwa tiki tiki yake; fiksi inaubakiza. Tuta la barabarani, korongo la njia ya mkato, bega la lami lililomeguka, yote haya mwenye friwili huyapita akisimama na pedali zikiwa sawa. Wa fiksi anayapita huku kranki inazunguka, na pedali ya chini ikigonga ukingo inanyanyua gurudumu la nyuma. Kranki za milimita 165 badala ya 170 zinasaidia kidogo.

Mzigo ndio unaofunga mjadala. Madumu manne nyuma na fiksi ni ndoa isiyodumu wiki. Miguu haiwezi kuzuia kilo 160 za mtu na maji kwenye mteremko, na hata bila mzigo kuzuia kwa miguu ni breki ya nyuma tu, ambayo peke yake husimamisha kwa karibu nusu ya uwezo wa ya mbele. Kwa hiyo fiksi bila breki ya mbele barabarani, hata huko inakoitwa ujasiri, ni kukosa breki.

Kuna na jambo la kiufundi ambalo mafundi wetu wenye moyo wa kusaidia hulikosea. Kijana anataka fiksi, hana habu yake, fundi anaichomelea friwili ili isizunguke. Inaonekana imekwisha. Haijaisha, kwa sababu friwili imeshikwa na habu kwa nyuzi zinazojikaza ukikanyaga mbele. Ukizuia kurudi nyuma, zinajifungua. Habu ya fiksi ya kweli ina nyuzi za pili, ndogo kidogo na zinazokwenda kinyume, za pete ya kufungia sproketi. Ukirudisha nguvu nyuma, pete inajikaza. Bila pete hiyo, siku utakayozuia kwa hofu ndiyo siku sproketi itakayolegea. Ukiwa na habu sahihi: kaza sproketi kwa nguvu, kaza pete, panda mlima mmoja ukikanyaga kwa uzito wote, rudi ukaze pete tena. Na fremu yenye mfereji wima usiifanye fiksi kwa kutumia kikazio. Ukizuia, upande wa chini wa cheni ndio unaovutwa, na kikazio kinang'oka.

Phoenix nayo, licha ya mfereji wake uliolala, haifai. Kranki zake zimeshikwa kwa kota pini, na kota pini hustahimili vizuri zaidi nguvu ya upande mmoja. Kwenye fiksi nguvu inakwenda mbele na nyuma. Pini iliyolegea kidogo tu inagongwa pande zote mbili hadi tundu linakuwa yai.

Mavazi pia. Kwenye friwili, pindo la suruali au kitenge likinaswa na cheni unaacha kukanyaga. Kwenye fiksi cheni haisimami mpaka baiskeli isimame, na kidole kikinaswa ni vivyo hivyo. Usifute cheni ya fiksi kwa kitambaa gurudumu likizunguka. Kamwe.

Kinachobaki ni hiki: mtu mmoja, bila mzigo, lami tambarare kama Kisasa hadi mjini, breki ya mbele nzuri, baiskeli ya fremu ya mbio yenye mfereji uliolala. Huyo fiksi itamfaa, na ataipenda. Akiweza kupata habu yenye nyuzi pande zote mbili, aweke sproketi ya fiksi ya meno 17 upande mmoja na friwili ya 20 upande wa pili. Kwa mbele ya meno 42 na gurudumu la 622, hiyo ni mita 5.3 kwa asubuhi tulivu za Aprili na 4.5 kwa Agosti. Kugeuza gurudumu ni dakika tano kwa spana moja, ila apime mfereji kwanza: tofauti ya meno matatu inataka ekseli isogee karibu milimita kumi, na breki ya nyuma, akiwa nayo, irekebishwe ifuate rimu.